Barua kwa mwanangu: Mungu ana wivu na gogo?

Mwanangu, baba yangu we,

Vois yako nimeisikia mara tatu, ya kwanza niko sokoni Darajani kwenye samaki kelele tupu sikufahamu kitu, ya pili nyumbani, ya tatu nkamsikilizisha baba ako akacheka akasema mjibu wewe, mie usingizi umenishika. Sasa hii vois siwezi kukujibu kwa vois, ntalia katikati, bora niandike.

Unasema mwenzio hapo kazini alikaa miezi saba hana kazi, akafunga, akaomba, akaombewa, kimya. Mwisho akapelekwa kwa mtaalamu, akaogeshwa, akapewa kitu cha kufunga kiunoni, wiki ya pili simu ikalia njoo uanze kazi. Unauliza nani alomsikia. Alafu ukaongeza la pili, kama Paulo anasema sanamu si kitu, basi Mungu anajiita mwenye wivu kwa lipi, ana wivu na gogo? Hilo la pili nimelipenda mwanangu, hata padri wetu sijui kama keshaulizwa.

Kwanza usimwambie mwenzio kuwa ile kazi ni bahati tu au kuwa mtaalamu muongo hana lolote. Huna haja. Biblia yenyewe haisemi kuwa ya huko hayatokei. Soma Kumbukumbu la Torati 13 mwanzo pale, inasema akitokea nabii au muota ndoto akakupa ishara, na ile ishara ikatimia, kweli ikatimia, alafu akakwambia twende tukaifuate miungu mingine, usimsikilize. Umeona? Musa hajasema subirini muone kama itatimia. Imetimia na bado jibu ni hapana. Sisi huku tunapima kwa matokeo, kitu kikifanya kazi tunasema basi kina ukweli, kumbe kile kipimo si chetu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia, na baba ako nshamuomba ruhusa.

Ulipokuwa na miezi minane tulikuwa Pemba bado, Weti, babu yako alivokuja kuchuma karafuu kutoka bara akabaki palepale. Ukashikwa na degedege. Macho juu, mikono imekakamaa, mie nimekubeba napiga kelele barabarani. Hospitali tukakaa siku nne, sindano, dawa, homa inashuka usiku inapanda asubuhi. Nikaomba hadi maneno yakaniishia, nikabaki nasema Bwana, Bwana, basi. Siku ya tano bibi mmoja wa jirani, mtu mwema kabisa Mungu amrehemu, akanambia mwanangu hii si ya hospitali, hii ina wenyewe. Nikaenda. Mie binti wa kanisani, nilobatizwa na kupata kipaimara, nikaenda mzimuni na mayai mawili, halua kwenye kijikaratasi, ubani, kipande cha kitambaa chekundu na shilingi ishirini, nikaviweka chini ya mbuyu kama nilivoelekezwa nikasema maneno nilofundishwa. Na wewe ukafungwa kihirizi cheusi kiunoni.

Siku mbili baadae homa ikakata. Ukanyonya, ukacheka.

Baada ya wiki nikarudi pale mbuyuni kushukuru. Mayai yako vilevile. Halua imejaa sisimizi, wamepanga mstari mpaka kwenye mzizi. Kitambaa kipo. Shilingi ishirini haipo, na siku ileile nikawaona watoto wa pale wanakula ubuyu wa rangi midomo myekundu hawanitazami usoni. Nilicheka peke yangu alafu nikaogopa kwa kucheka. Ndo ujue nilipokuwa nimefika, naogopa kukicheka kitu ambacho hakiwezi hata kula yai lake. Zaburi ya 115 nilikuwa naijua kwa moyo, wana vinywa lakini hawasemi, wana macho lakini hawaoni, na nikasimama pale nikaomba radhi kwa mti.

Alafu yakaanza ya ada. Kila mwaka urudi. Usiporudi mtoto atashikwa tena. Miaka mitatu nimelipa mwanangu, kila unapokohoa nauliza nimekosea wapi. Dawa ya hospitali ulomaliza dozi nzima, siku nne na mbili zile, sikuikumbuka hata siku moja kuisemea asante.

Sasa nani alonisikia? Kilonifungua macho si mahubiri, ni Hosea, mlango wa pili, mstari wa nane. Mungu anasema kama mume alokimbiwa, anasema hakujua ya kuwa ni mimi niliyempa nafaka na divai na mafuta, na ile fedha na dhahabu wakaitumia kwa Baali. Nilisoma nikafunga kitabu. Yeye ndo alokupa uzima, mie nikachukua shukrani nikaipeleka mbuyuni na mayai juu yake. Kwa hiyo mwenzio, mie nionavo, alisikiwa kulekule alikoomba miezi saba, ila jibu lilipofika alikuwa keshahama nyumba. Sikatai lile lingine, Paulo huyohuyo alosema sanamu si kitu katika Wakorintho wa kwanza 8, mbele kidogo kwenye 10 anasema vile mataifa wanavyovitoa sadaka wanavitoa kwa mashetani si kwa Mungu. Yote mawili yamo. Gogo si kitu, lakini nyuma ya gogo pana anayefurahi ukiogopa. Sipendi kumzungumza sana huyo, nimeshampa miaka mitatu.

Ndo na wivu upo hapo. Hakuna mume mwenye akili anayeona wivu na kiti. Lakini mkeo akawa anakiambia kiti siri zake, anakipelekea kiti chakula, anamuogopesha mtoto kwa jina la kiti, utaona wivu au huoni? Huna wivu na kiti, una uchungu na mkeo. Amri inasema usiwe na miungu mingine ila mimi, na pale panaposema Mungu mwenye wivu mie siku hizi nasoma kama mtu anayesema huyu wangu. Sisi wanawake wa huku tunajua mke mwenza ni nini, sihitaji kutafsiriwa.

Na utazame kila mara inavoanza. Wale wana wa Israeli hawakuamka tu wakatengeneza ndama. Kutoka 32 mstari wa kwanza kabisa, watu walipoona Musa amekawia kushuka mlimani. Amekawia, basi. Wakavua pete za dhahabu masikioni. Mfalme Sauli nae, aliuliza kwa Bwana asijibiwe, si kwa ndoto wala kwa Urimu, ile ya makuhani ya kumuulizia Mungu, wala kwa manabii, usiku akajifunika nguo nyingine akaenda kwa mwanamke wa Endori anayeita pepo za wafu, na ni yeye mwenyewe alowafukuza waganga nchini! Mie namuelewa Sauli kuliko Daudi, nakwambia kweli. Kwa hiyo mwenzio usimpigie ile ya Elia pale Karmeli, kuwaambia wale manabii wa Baali 450 piga kelele zaidi labda mungu wenu kalala labda yuko safarini. Inachekesha lakini Elia alikuwa anawatania manabii wa mfalme waloshiba, hatanii mtu alokaa miezi saba na kodi ya nyumba.

Lingine ulonigusia juujuu, kuwa baada ya hapo ukaanza kwenda kwa yule mtumishi wa chupa za maji na mafuta, elfu kumi chupa, ubandike na stika yake mlangoni. Umeniambia ukidhani ntafurahi kwa sababu angalau anataja Yesu. Baba, kasome Hesabu 21, Mungu mwenyewe alimwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba, watu wakamtazama wakapona. Kitu cha Mungu kabisa. Miaka mingi baadae, 2 Wafalme 18, watu wanamfukizia uvumba, mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande akamwita Nehushtani, yani kishaba tu. Kwetu kanisani Mkunazini kuna ule msalaba wa mti wa Chitambo, mti ulozikiwa chini yake moyo wa Livingstone, yule mmisionari Mzungu, wageni wanaupiga picha kutwa, na altare ipo pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Mie nikipita pale mwili unanisisimka. Lakini siku nikianza kukwangua ule msalaba niweke unga wake kwenye maji ya mtoto, njooni mnivunjie na mimi. Jirani yetu hapa Bi mkubwa nilipomsimulia habari ya chupa aliguna tu akasema kwetu Waislamu hiyo ni shirki, kumshirikisha Mungu, na bei juu yake. Tulicheka.

Basi mwezi uliopita nikawa nasafisha lile kasha la bibi yako, chini kabisa kwenye nguo zako za utotoni nikakuta kile kihirizi. Nilidhani nilikitupa. Kidogo, ngozi imekauka, uzi umekatika. Nikakichana kwa wembe. Ndani kimzizi kimoja urefu wa kidole na pamba, basi. Nilikuwa nachemsha chai ya jioni, nikakumbuka Isaya 44, yule fundi anayekata mti nusu anaota moto na kuoka mkate nusu anaisujudia, nikakitia kwenye jiko la mkaa. Mkono ulinitetemeka, sikufichi, baada ya miaka yote hii. Kikatoa moshi kidogo kama kijiti chochote. Chai ikachemka, nikamtilia baba ako, akasema leo sukari imezidi.

Jumamosi shoga yangu anavuka na boti ya asubuhi, ntampa mbatata na pweza mkavu, umpokee bandarini usimchelewe kama mara ile. Na mwenzio mwambie aje Krismasi, mie sitomuuliza kitu.

Mama ako