Mafuta, gesi, umeme au kuni? Hesabu ya joto la nyumba kwa tuliofikia Maine, Marekani

Tangazo la nyumba lilivutia: vyumba viwili, Lewiston, karibu na kituo cha basi, kodi dola 1,400. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno ambayo mtu aliyekulia Tanga huyapita bila kuyaona: joto halimo kwenye kodi. Nikadhani ni kama hela ya taka au ya mlinzi, vijisenti vya mwisho wa mwezi. Nikasaini.

Januari, Jumamosi usiku, niliamshwa na kimya. Boila, mashine ya mafuta inayopasha nyumba joto, iko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na hunguruma kila baada ya muda. Ukishaizoea huisikii, ila ikinyamaza unashtuka. Nikashuka na tochi ya simu. Juu ya tangi la mafuta, hili la kawaida la galoni 275 (galoni ya hapa ni karibu lita 4), kuna kijichupa cha plastiki chenye alama nyekundu inayopanda na kushuka. Alama ilikuwa imelala chini kabisa. Nje ilikuwa nyuzi hasi 17. Nilipopiga simu ya dharura ya muuza mafuta nikaambiwa hawaleti chini ya galoni 100, na safari ya usiku ina malipo yake ya ziada. Mfukoni sikuwa na hata nusu ya hiyo hela.

Aliyeniokoa ni jirani wa juu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu. Alisikiliza, akacheka kidogo, akavaa koti. "Ndugu, iyo ni mazutu tu. Twende."

Mazutu kwao ni dizeli, na mzee alikuwa sahihi. Mafuta ya kupashia nyumba ni ndugu wa dizeli. Hutiwa rangi nyekundu ili mtu asiyaweke kwenye gari akakwepa kodi ya barabara. Tulijaza vidumu viwili vya galoni 5 sheli, tukamimina kwenye tangi, tukasubiri kama dakika 10 uchafu utulie. Akabonyeza kitufe chekundu cha boila. Haikuwaka. Akalegeza kinati kidogo kwenye pampu, akakinga chupa tupu ya maji, akabonyeza tena. Pampu ikatema hewa, ikatema povu, kisha mafuta yakaja safi kama uzi. Akakaza, ikawaka. Kitufe hicho, tafadhali, usikibonyeze tena na tena kwa hasira. Kila ukibonyeza bila kuwaka, mafuta yanarundikana ndani ya chemba, na yakija kushika moto yote kwa pamoja hutakuwa na hamu ya kukaa karibu. Mara mbili ikigoma, ita fundi.

Nikajiona nimejifunza, nikaamua kuyakwepa mafuta kabisa. Nilinunua hita tatu za umeme za kuchomeka ukutani, za bei poa. Kila moja ilikuwa ya wati 1,500. Aliyekulia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, angepiga hesabu palepale dukani: uniti (kilowati-saa) moja na nusu kwa saa. Hita tatu usiku na mchana ni uniti 108 kwa siku. Kwa senti 25 kila uniti, ni dola 27. Niliziwasha siku 18. Bili ilipokuja nikaisoma mara mbili nikifikiri wamenipa ya duka zima.

Lakini bili hiyo ndiyo iliyonipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Wamarekani hapa wana kipimo chao cha joto, BTU, ambacho hakiniingii kichwani. Uniti ya LUKU naijua tangu utotoni, naijua hata kwa sauti yake inapoishia. Kwa hiyo kila kitu kinachoungua nakigeuza kuwa uniti, kisha nauliza: uniti moja ya joto iliyoingia sebuleni imenigharimu senti ngapi?

Galoni moja ya mafuta ya boila ina joto la uniti 40 na ushee. Boila haikupi zote, nyingine zinatoka na bomba la moshi. Boila nzuri itakuachia kama 34. Galoni ikiwa dola 3.50, joto linakuja senti 10 na kidogo kwa uniti.

Sasa angalia gesi ya mtungi, propeni. Siku hiyohiyo galoni yake ni dola 3.20, na muuzaji atakuambia kwa uso mkavu kwamba ni nafuu kuliko mafuta. Galoni ya propeni ina uniti 27 tu, na kwa mashine nzuri utapata kama 24. Hiyo ni senti 13. Bei ya galoni iko chini, joto liko juu. Hapa ndipo wengi wetu tunapopigwa, na si kwamba tumedanganywa. Ni kwamba tumelinganisha debe la mahindi na debe la pumba.

Mafuta ya taa yana joto karibu sawa na mafuta ya boila, ila huuzwa ghali zaidi. Wanaokaa kwenye nyumba za kuhamishika, zenye tangi nje, mara nyingi hawana hiari: mafuta ya kawaida yakikaa kwenye baridi ya nyuzi hasi 9 hivi kushuka chini huanza kuganda mithili ya mafuta ya nazi asubuhi ya Lushoto. Kwa dola 4.20 wanalipa karibu senti 13.

Hita ya umeme haina hesabu ndefu. Uniti moja unalipa senti 25, unapata joto la uniti moja, basi.

Ila kuna umeme mwingine: pampu ya joto. Kwa macho ni AC, ileile ya ukutani ya ofisi za Posta, isipokuwa inafanya kazi kinyume: inakusanya joto lililoko nje na kulisukuma ndani. Ndiyo, hata hewa ya baridi ina joto ndani yake, nami sikuamini mpaka nilipoweka mkono. Hii haichomi umeme kutengeneza joto, inautumia kulibeba, kwa hiyo uniti moja inakuletea mbili na nusu, hata tatu siku za baridi ya wastani. Inarudi senti 10 au chini. Baridi ikikaza sana inachoka, na umeme ukikatika inakufa kama boila inavyokufa, lakini si kwa bahati kwamba jimbo hili lilijiwekea lengo la pampu 100,000 za namna hii ifikapo 2025, likalifikia 2023. Ukikuta nyumba ina pampu ya joto, iwashe kwanza, boila iwe akiba ya siku mbaya.

Peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa, huja kwenye mifuko ya kilo 18. Mfuko mmoja unakupa uniti 75 hivi. Kwa dola 7 ni senti 9, jambo zuri kama mgongo wako unakubali kubeba mifuko kila siku na kuzoa majivu. Kuni sizisemei sana. Zina watu wake, na kwa mpangaji wa ghorofa ya pili haziwezekani. Gesi ya bomba iko mitaa michache ya mjini. Ukibahatika kuipata mara nyingi ndiyo inayoshinda wote, ila tazama na ada ya kila mwezi, ambayo hulipwa hata Julai.

Bei hizi nilizotaja ni zangu za msimu mmoja. Zinapanda na kushuka. Mwaka 2022 mafuta yalipita dola 5 hapa. Ofisi ya nishati ya jimbo hutangaza bei za wastani kila wiki, wewe chukua bei ya leo ugawanye kwa 34 kama ni mafuta, kwa 24 kama ni propeni. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha.

Jambo moja halina hesabu. Nina ndugu Makete ambao baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakaacha mlango wazi kidogo. Nyumba za hapa zimezibwa, hazina mwanya. Jiko la mkaa ndani, jenereta kwenye besimenti, au oveni ya gesi iliyoachwa wazi ili ipashe chumba: hutoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Hata kama nyumba imekuwa barafu, usifanye. Vaa makoti mlale chumba kimoja, asubuhi mtatafuta mafuta.

Na kabla ya Novemba omba HEAP, msaada wa kulipia joto la nyumba. Ni fedha za serikali kuu zinazopitia MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, na fomu hujazwa kwenye shirika la huduma za jamii la wilaya yako. Mimi mwaka wa kwanza niliona aibu. Mzee wa Bukavu alinijia juu kweli: "Aibu ya nini, na watoto wanatetemeka?"

Septemba iliyopita dada mmoja aliyetoka Mombasa alinipigia. Alikuwa na nyumba mbili mkononi: moja dola 1,400 bila joto, nyingine dola 1,650 joto likiwemo. "Kaka, hii ya 1,400 si ndiyo nafuu?" Nikamwambia asiseme lolote mpaka aone risiti za mafuta za mwaka mzima, mpangaji ana haki ya kuuliza, na muuza nishati anaweza kumpa historia ya miezi 12. Mwenye nyumba akazungukazunguka, mwisho akazitoa. Galoni 960. Madirisha ya zamani, dari haina kitu cha kuzuia joto lisitoke. Tukazidisha kwa 3.50, tukagawa kwa miezi 12: dola 280 kwa mwezi, na nyingi kati ya hizo zinadaiwa kati ya Desemba na Machi, kwa mkupuo, galoni 100 kwa 100.

Alichukua ile ya 1,650.