Mteja Ndiye Mpimaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, anaweza kufundishwa kuzielewa hisia za mteja wake kana kwamba ni zake, au kama hilo ni jambo ambalo mtu huzaliwa nalo. Mimi ni muuguzi wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaongoza wanafunzi wanaojifunza ushauri nasaha. Naamini linafundishika, ila si kwa mihadhara.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba mnasihi auhisi ulimwengu wa ndani wa mteja kana kwamba ni wake, bila kuipoteza hiyo "kana kwamba". Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliona likisahauliwa. Mwanafunzi mwenye moyo laini hulia pamoja na mteja, hurudi nyumbani amebeba msiba usio wake, na hatimaye huanza kuwakwepa wenye shida nzito. Kwa maoni yangu, huyo anahitaji uangalizi wa karibu kuliko yule anayekariri maswali ya fomu.

Kikwazo kikubwa hapa kwetu si ukosefu wa huruma, kwa maana majirani hujaa msibani bila kuitwa. Kikwazo ni haraka ya kufariji. Tumelelewa kusema "pole", "jikaze", "mwachie Mungu", maneno mema yanayomsitiri mfiwa mbele za watu, lakini ambayo katika chumba cha ushauri huyafunga mazungumzo kabla hayajafunguka. Mama aliyepokea sasa hivi majibu kwamba ana maambukizi ya VVU akisema, "Sijui nitamtazamaje mume wangu," mwanafunzi hujibu, "Usijali mama, siku hizi dawa zipo." Jibu hilo ni la kweli, na wakati wake utafika, kwa kuwa dawa zikitumiwa ipasavyo hupunguza virusi hadi visionekane kwenye vipimo vya wingi wa virusi; lakini mama hakuuliza habari za dawa. Anayemwambia, "Kinachokuelemea zaidi, mama, ni kumkabili baba watoto," amemfikia pale alipo, na mara nyingi ndipo mengine yanapoanza kusemwa.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili inaweza kupimwa. Robert Carkhuff, mwanasaikolojia wa Marekani, alitunga kipimo cha ngazi 5, ambacho ngazi yake ya 3 ni pale jibu la mnasihi linapobeba maana na hisia zilezile alizozieleza mteja; chini ya hapo kuna kilichopunguzwa, na juu ya hapo mnasihi ametamka kile ambacho mteja alikuwa bado hajaweza kukisema. Mwanafunzi huipanda ngazi hiyo kwa igizo dhima, yaani wanafunzi kuigiza mnasihi na mteja, na kwa kujisikiliza. Norman Kagan, naye mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1960 alibuni njia ya kumrudishia mwanafunzi mazungumzo yake yaliyorekodiwa, ili ayasimamishe kila anapokumbuka alichokuwa akikihisi wakati ule. Kwetu simu ya mkononi inatosha, mradi waigizaji wawe wanafunzi wenyewe na siri ya mteja halisi isiguswe kamwe.

Rogers aliweka pia sharti ambalo walimu wengi hulipita upesi: uelewa wa mnasihi hauna kazi iwapo mteja mwenyewe hauoni, hata kwa kiasi kidogo. Ndiyo sababu katika mazoezi yetu anayeigiza mteja husema kwanza iwapo alijisikia kueleweka, na mwalimu hungoja zamu yake.

Sharti hilo lina uzito wa pekee katika wilaya yenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na baadaye kuwapokea Warundi pia. Anayezungumza Kiha, lugha ya wenyeji wa hapa, huelewana na Mrundi bila taabu kubwa, lakini anayetoka mkoa mwingine humtegemea mkalimani, na mkalimani akifupisha kilio cha dakika nzima kuwa "anasema ana huzuni", mnasihi hana tena cha kukielewa. Ninaomba wanaoandaa mafunzo wawaketishe wakalimani darasani pamoja na wanafunzi, washiriki maigizo yaleyale, na tafsiri zao zisikilizwe upya kama tunavyosikiliza majibu ya wanasihi.