Kumwaga oili ya Datsun 240Z: inuse kabla hujaitupa

Mwaka wa pili tangu niipate Datsun 240Z yangu, ya 1972, niliipeleka gereji asubuhi kumwagwa oili, na alasiri tukashika barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha. Tulikuwa tunateremka ukingo wa Bonde la Ufa mke wangu aliponiuliza, "Baba Amina, mbona huu mshale umelala?" Ulikuwa mshale wa presha ya oili. Nilizima injini papo hapo nikaiachia gari iserereke hadi kando ya barabara. Niliposhuka, niliona mchirizi wa oili mpya, rangi ya asali, ukianzia kwenye kona tuliyoipita na kuishia chini ya boneti yangu.

Kosa lilikuwa dogo sana. Filta ya zamani ilipofunguliwa, mpira wake uliganda kwenye injini, na filta mpya ikafungwa juu ya mpira huo huo. Mipira miwili haishikani. Presha ikipanda, inateleza, na oili yote inatoka ndani ya dakika chache. Injini ilipona kwa sababu tu mke wangu ana macho makali. Tangu siku hiyo oili ya gari hii naimwaga mwenyewe, na nakushauri nawe ufanye hivyo kama una gari la zamani unalolipenda. Si kwa sababu mafundi hawajui kazi. Ni kwamba oili inayotoka ina habari za injini yako, na ukikosa kuwepo inapotoka, habari hizo zinamwagika nayo.

Nikianza na oili ya kununua. 240Z ina historia kubwa hapa kwetu: Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishindia Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakairudia mwaka 1973. Injini yake, L24 ya silinda sita, ni ngumu kweli. Lakini kemshafti yake (mhimili unaoendesha vali) inasuguana na roka (vikono vinavyozisukuma vali) chuma kwa chuma, na kinachozilinda ni kemikali ya zinki na fosforasi iliyomo kwenye oili. Oili nyepesi za magari ya kisasa, kama 5W-30, zimepunguziwa fosforasi ili zisiharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Gari yetu haina kifaa hicho, na kemshafti yake inahitaji ile fosforasi. Mimi natumia oili nzito zaidi, 20W-50 ya kawaida yenye zinki ya kutosha. Hainisumbui kwamba si ghali.

Kinachonisumbua ni oili feki. Nanunua kituo cha mafuta ninachokijua, naangalia sili ya kifuniko, na dumu likishakwisha kazi nalitoboa kwa bisibisi kabla ya kulitupa, ili mtu asije akalijaza uchafu na kuliuza upya.

Namwaga kila kilomita 4,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Gari linalotoka Jumapili tu halipati nafasi ya kukausha unyevu uliomo ndani ya injini, kwa hiyo kilomita peke yake hazikuelezi kitu.

Siku ya kazi naiendesha dakika kumi hivi, ili oili ipate joto na kubeba uchafu wake wote, kisha naiegesha pahali tambarare na kuipandisha kwenye stendi. Nasema stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na mawe usiyafikirie kabisa. Nikishaitikisa gari na kuona imetulia, nafungua kwanza kifuniko cha kujazia oili juu, nahakikisha filta mpya niliyonunua ndiyo yenyewe, halafu ndipo naingia chini kufungua nati ya sampu, lile beseni la chuma linaloshika oili chini ya injini.

Hapa usiwe na haraka. Fundi mmoja mzee wa Mombasa ndiye aliyenifunza. Nilikuwa nimeshainua beseni nikamwage, akanishika mkono: "Ngoja, mwanangu. Nusa kwanza."

"Mzee, si ni oili chafu tu?"

"Nusa."

Ilikuwa inanuka petroli. Akaniuliza kama nilipopima mara ya mwisho oili ilikuwa imeongezeka, na kweli ilikuwa imepita alama ya H, ya kiwango cha juu, kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), nami nilifurahi nikidhani injini haili oili. Pampu ya petroli ya gari hii inasukumwa na kemshafti, na utando wake wa ndani ulikuwa umechanika, petroli ikawa inachuruzika ndani ya injini na kuifanya oili iwe nyepesi. Ningemwaga beseni lile bila kunusa, ningejaza oili mpya na kuiharibu vile vile.

Kwa hiyo nusa. Kisha chovya vidole viwili, uisugue taratibu kwenye mwanga wa jua. Weusi peke yake usikutishe, ni masizi. Ukiona chembe zinazometa, ziangalie rangi: vumbi jembamba la kijivu kidogo ni la kawaida kwa injini ya umri huu, lakini vipande vinavyoshikika, au mng'ao wa shaba, ni beringi zinalika, na hapo usiwashe tena mpaka ujue. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji, na mara nyingi gaskiti ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ndiyo iliyokufa. Ila usichanganye na utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia. Huo nauona kila Julai kwa baridi ya Nairobi, na safari moja ndefu huuondoa.

Filta ya L24 imelala ubavuni, upande wa kulia wa injini, na ikilegea tu inamwaga. Naifunika na mfuko wa plastiki kabla ya kuifungua. Ikishatoka, nahesabu mpira wake: uko kwenye filta, au umebaki? Napitisha kidole mzunguko mzima pale inapokaa, kila mara. Napaka oili kidogo mpira mpya, nafunga kwa mkono hadi uguse, halafu naongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa sababu imelala, chagua filta yenye vali ya kuzuia oili isirudi, la sivyo kila asubuhi utasikia injini ikigongagonga kabla presha haijafika.

Nati ya sampu inapata washa mpya ya shaba, naianza kwa vidole, na kuikaza kiasi. Anayekanyaga spana kwa mguu ataua nyuzi.

Namimina lita nne kwanza, nasubiri, napima, naongeza kidogo kidogo hadi karibu na H. Dumu la lita tano linatosha. Kabla ya kuwasha, nachomoa waya mnene wa kati wa koili na kuugusisha kwenye bodi ili injini isiwake, kisha nazungusha stata hadi mshale wa presha uinuke. Ndipo narudisha waya na kuwasha.

Oili chafu hurudi kwenye dumu, nikaipeleka kituoni wanakoikusanya. Najua wengi huiomba kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, hata babu yangu alifanya hivyo. Mimi siitoi, kwa sababu mvua ikinyesha inaingia ardhini, na jirani yangu ana kisima.

Usiku naweka kipande cha katoni chini ya injini. Asubuhi kabla ya chai naenda kukitazama, na kikiwa kikavu, natoa dipstiki, napima mara moja zaidi, ndipo nairuhusu barabarani.