Kabla ya Kuuliza Kama Nuhu Alikuwepo

Nilianza kusoma historia ya dini nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, baada ya kufundisha shule ya Jumapili kwa miaka tisa, na nilidhani miaka hiyo ingenibeba. Insha yangu ya kwanza, iliyohusu gharika ya kitabu cha Mwanzo, ilirudi ikiwa na maneno matatu ya wino mwekundu pembeni: "Haya ni mahubiri." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya nikaona kwamba mwalimu alikuwa amesema kweli, kwa kuwa katika kurasa sita nzima nilikuwa nimewaeleza watu yawapasayo kujifunza kwa Nuhu, bila sentensi hata moja iliyoonyesha kwamba nilikuwa nimeitazama habari yenyewe jinsi ilivyoandikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba aahirishe kidogo swali la kama jambo lilitokea au halikutokea, aulize kwanza maandishi haya ni ya namna gani, yaliundwaje, na yaliandikiwa nani. Swali la kwanza halitakimbia. Utalikuta palepale ulipoliacha.

Jaribu zoezi hili, ambalo mimi lilinichukua jioni moja. Fungua Biblia ya Union Version kwenye Mwanzo 6 hadi 9, uwe na penseli mbili za rangi. Kila unapokutana na neno "Mungu" lipigie mstari wa buluu, na kila unapokutana na "BWANA" kwa herufi kubwa, ambalo limewekwa badala ya lile jina la Mungu la Kiebrania lenye herufi nne, lipigie mstari mwekundu. Kisha fuatilia hesabu. Katika 6:19 wanaingizwa wanyama wawili wa kila namna. Katika 7:2 wale walio safi wanakuwa saba saba. Katika 7:17 gharika ni ya siku arobaini, na mistari saba tu baadaye maji yanatamalaki siku mia na hamsini. Katika 6:22 Nuhu anatenda yote aliyoamriwa na Mungu, halafu katika 7:5 anatenda tena yote aliyoamriwa, safari hii na BWANA. Nilipofika 7:16, ambapo wanyama wanaingia kama Mungu alivyoamuru na BWANA ndiye anayeufunga mlango, rangi zote mbili zilikaa katika mstari mmoja. Wataalamu wengi husema kwamba hapa kuna masimulizi mawili yaliyosukwa pamoja, kama mkeka wa miyaa ya rangi mbili. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini baada ya zoezi hilo utakuwa umeiona kwa macho yako hoja wanayoijadili, na hilo ni tofauti kabisa na kuisikia ikisimuliwa na mtu anayetaka kuitetea au kuiponda.

Jambo la pili ni neno "kisasili", na hapa niliumia. Sote tuliopita sekondari Kenya tulikutana nalo katika fasihi simulizi: kisasili ni simulizi inayoeleza asili ya watu, ya kifo, ya mila au ya ulimwengu, na jamii yenyewe huipokea kama jambo zito. Mfano wetu darasani ulikuwa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, pale Mukurwe wa Nyagathanga, na hakuna aliyefadhaika. Basi katika mafunzo ya walimu wa kanisani nikasema, bila maandalizi yoyote, kwamba sura za mwanzo za Biblia zina sifa za kisasili. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Mwalimu, kwa hivyo unatuambia Nuhu ni ngano?" Nilipumzishwa kufundisha kwa muda. Ninaamini bado kwamba neno lilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimelitoa uchi, mbele ya watu ambao kwao kisasili ni jina la kiungwana la uongo. Tena tuwe wakweli: tuliridhika neno hilo likae juu ya masimulizi ya babu zetu, na tukaruka lilipogusa ya Waebrania. Mizani hiyo haiko sawa.

Ukishatulia na neno hilo, ndipo usome gharika ya Babeli. Mwaka 1872, George Smith wa Makumbusho ya Uingereza alitangaza kwamba kwenye kigae cha udongo kilichotoka Ninawi amesoma habari ya mtu aliyejenga chombo, akaokoka na gharika, kisha akaachilia ndege. Ni kigae cha kumi na moja cha utenzi wa Gilgamesh. Mtu huyo, Utnapishtimu, anatuma njiwa, halafu mbayuwayu, halafu kunguru. Nuhu anaanza na kunguru, halafu njiwa. Wanaoanza hukimbilia kufanana huko wakatangaza kwamba nani amemwibia nani. Mimi nawasihi mkae zaidi kwenye tofauti. Katika utenzi mwingine wa Babeli, ule wa Atrahasisi, miungu inaleta gharika kwa sababu kelele za wanadamu zinainyima usingizi. Katika Mwanzo 6:11 sababu ni kwamba dunia imejaa dhuluma. Waandishi wa Kiebrania walipokea hadithi iliyojulikana kote katika nchi zile, nao wakabadilisha sababu yake, na hapo ndipo imani yao inaposikika.

Kuhusu Agano Jipya, tatizo langu lilikuwa karatasi moja: ile inayotenganisha Malaki na Mathayo. Unaifunua, na ghafla nchi ina Warumi, Mafarisayo na Masadukayo, watu ambao hawatajwi hata mara moja kutoka Mwanzo hadi Malaki. Nilikwenda kuazima Biblia ya jirani yangu Mkatoliki kwa sababu yetu haina vitabu vya Wamakabayo. Humo nilisoma jinsi Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki wa Shamu, alivyolinajisi hekalu mwaka 167 KK, na jinsi Yuda Makabayo na wenzake walivyolitakasa mwaka 164 KK. Na hatimaye nikaelewa ile Sikukuu ya Kutabaruku ya Yohana 10:22, niliyokuwa nimeisoma mara nyingi bila kujua inatabaruku nini. Nilipomsimulia jirani kuhusu mama wa 2 Wamakabayo 7, anayewatia moyo wanawe saba wafe wakitumaini ufufuo, alicheka. "Huyo mama, Mwalimu, sisi tunamjua tangu katekisimu." Kutoka hapo uende hadi mwaka 63 KK, jemadari wa Kirumi Pompey alipoingia Yerusalemu, kisha mwaka 70 BK, Warumi walipoliteketeza hekalu. Ukiwa na tarehe hizo nne kichwani, Injili zitasomeka kwa namna nyingine.

Nyaraka za Paulo zisome kabla ya Injili, kwa sababu ziliandikwa kwanza. Anza na 1 Wathesalonike, ya mnamo mwaka 50 BK.

Watu huniuliza kama ni lazima kujifunza Kiebrania. Si lazima mwanzoni, lakini alfabeti yake haina gharama. Nilijifunza herufi zake 22 kwenye matatu, nikiwa na kijikaratasi mfukoni, kwa muda wa wiki mbili za kwenda na kurudi kazini. Nilipozimaliza nilifungua Zaburi ya 119, ile ambayo tulipokuwa watoto tuliombea isitajwe kuwa somo la siku, nikahesabu: mafungu 22, kila fungu lina mistari minane, na katika Kiebrania yote minane huanza kwa herufi ile ile, fungu kwa fungu, kuanzia alefu iliyo ya kwanza hadi tau iliyo ya mwisho. Ndiyo maana ina mistari 176.