Maswali na Majibu: Nadharia Inapokutana na Tamthilia ya Upelelezi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa mawasiliano ya umma na waandishi wa miswada. Wote wanauliza jambo linalokaribiana: nadharia za vyombo vya habari zinatumikaje kwenye tamthilia za runinga? Ili majibu yashikane, mifano mingi tumeitoa kwenye tamthilia moja ya upelelezi, Forbrydelsen, iliyotengenezwa na DR, shirika la utangazaji la umma la Denmark, na kuanza kurushwa Januari 2007. Msimu wake wa kwanza una sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya kumtafuta aliyemuua Nanna Birk Larsen, msichana wa miaka 19 wa jijini Copenhagen. Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama, ajue kwamba mwisho wake tunautaja.

Ndugu wahariri, niko mwaka wa pili chuoni. Tulipewa kazi ya maneno 2,000: kuchambua tamthilia ya upelelezi kwa nadharia zisizopungua tatu. Nilitumia nadharia za masimulizi za Propp, Todorov na Barthes, nikaeleza kila moja na kutoa mifano. Mhadhiri ameandika pembeni: "Umesimulia, hujachambua." Nimekosea wapi? (Dodoma)

Kosa lako linatokana na mazoea ya sekondari, pale tulipofundishwa kuhakiki fani na maudhui kwa mtindo wa taja, fafanua, toa mfano. Mtindo huo unazaa sentensi kama hii kuhusu Lund na Meyer, wapelelezi wa Forbrydelsen: "Lund ni shujaa, Meyer ni msaidizi, muuaji ni adui." Sentensi hiyo ni kweli, lakini haituambii lolote. Ijaribu hivi: futa jina la tamthilia, weka jina la tamthilia nyingine yoyote ya polisi. Ikibaki kuwa kweli, basi umeandika kuhusu nadharia, na tamthilia hujaigusa.

Anza na onyesho moja la dakika tatu hadi tano. Litazame mara tatu: mara ya kwanza bila kusimamisha, mara ya pili ukiwa umezima sauti, mara ya tatu ukiwa umekipa kioo mgongo, unasikiliza tu. Kisha chora jedwali la safu tano: dakika, kinachoonekana, kinachosikika, nani anajua nini, na nani bado hajui. Nadharia ichague baada ya jedwali kukamilika. Wengi huanza na nadharia, halafu wanazunguka kutafuta onyesho la kuitii.

Chukua sehemu ya kwanza ya Forbrydelsen. Gari limeopolewa majini na mwili wa Nanna umo ndani ya buti. Baba yake, Theis, anafika hapo huku mkewe Pernille yuko upande wa pili wa simu. Mama anapata habari ya kifo cha mwanawe kwa kusikia sauti ya mumewe, na hakuna aliyemwambia. Ukijaza jedwali utaona kwamba mtazamaji alikwisha kujua, polisi wanajua, baba anajua sasa hivi, na mama anajua sekunde chache baadaye. Taharuki ya hapa haitokani na swali la nini kimetokea. Inatokana na pengo la ujuzi kati yetu na mtu tunayemwona.

Sasa ndipo Barthes anapofaa. Katika S/Z, kitabu cha mwaka 1970, alitaja misimbo mitano, na miwili kati yake ndiyo inayosukuma hadithi mbele: msimbo wa fumbo, yaani maswali tunayongoja yajibiwe, na msimbo wa matendo, yaani tendo linalotufanya tungoje tendo linalofuata. La thamani zaidi, na ambalo wanafunzi hulipita mbio, ni orodha yake ya namna hadithi inavyochelewesha jibu: mtego unaotupeleka kusiko, kauli yenye maana mbili, jibu nusu, jibu lililokatizwa, na fumbo kutangazwa kwamba halina ufumbuzi. Lile gari lililoopolewa linahusiana na kampeni ya Troels Hartmann, mwanasiasa anayewania umeya. Hilo ni jibu nusu na papo hapo ni mtego. Baadaye mwalimu wa Nanna, Rama, anashukiwa. Huyo ni mtego mwingine, lakini mtego huu unatuuliza sisi watazamaji kwa nini tulimwamini haraka hivyo mshukiwa mwenye asili ya kihamiaji. Hesabu vizuizi vya namna hii sehemu kwa sehemu, ueleze aina gani inatawala na kwa nini. Huo ndio uchambuzi.

Propp naye usimtupe. Kitabu chake cha mwaka 1928 kilitokana na ngano 100 za Kirusi. Humo akapata majukumu 31, yaani matendo yanayoisukuma ngano, na wahusika wa aina saba. Ugumu ni kwamba katika ngano tunamjua adui mapema, ilhali tamthilia ya upelelezi inaishi kwa kumficha. Kwa hiyo jedwali la Propp halijazwi hadi sehemu ya mwisho. Usiulize "nani adui?" Uliza "nafasi ya adui inakaliwa na nani katika sehemu ya 3, ya 8, ya 14, na anaondolewaje hapo?" Hartmann anaingia na kutoka kwenye nafasi hiyo zaidi ya mara moja. Pale nadharia inapogoma, andika kwamba imegoma na ueleze sababu. Watahini wengi hutoa alama nzuri hapo kuliko mahali pengine popote.

Kwa maneno 2,000, ipe nadharia moja kuu kama maneno 1,100, ya pili inayopingana nayo 500, na ya tatu aya moja. Muhtasari wa hadithi usizidi maneno 120.

Todorov anasema hadithi huanza na utulivu, ukavurugika, ukarejea. Tamthilia yenye misimu mingi inarejea lini? (Kampala)

Todorov alikuwa akifanyia kazi hadithi fupi za Decameron, ambazo zinaanza na kuisha katika kurasa chache. Kwenye runinga itakubidi utenganishe ngazi mbili. Tamthilia ambayo kila sehemu ina kesi yake hurudisha utulivu ndani ya dakika 45 hivi, kila wiki, na kwa kurudia huko inatuambia kwamba dola inafanya kazi. Tamthilia yenye kesi moja kwa msimu mzima haina faraja hiyo ya kila wiki.

Forbrydelsen inakwenda mbali zaidi. Muuaji ni Vagn, rafiki na mfanyakazi wa familia yenyewe, aliyekuwa akiingia na kutoka jikoni kwao. Anajulikana, lakini Theis anamuua, na yeye mwenyewe anaishia mikononi mwa polisi. Meyer amekwishakufa. Sarah Lund, ambaye sehemu ya kwanza ilikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuhamia Sweden na mchumba wake, hana tena mchumba wala safari. Fumbo limefumbuliwa na utulivu haujarejea hata kidogo. Msimbo wa Barthes umefungwa, umbo la Todorov limebaki wazi, na kwenye pengo hilo ndipo maudhui ya tamthilia yalipo. Usilazimishe "utulivu mpya" kwa sababu tu mchoro wa kitabuni, unaoigawa nadharia hiyo katika hatua tano, una kisanduku cha tano.

Mimi ni mwandishi wa miswada. Wamarekani waliitengeneza upya hadithi hiyohiyo, na watazamaji wakakasirika. Kisa nini? (Nairobi)

Toleo la Marekani, The Killing, lilianza kwenye kituo cha AMC Aprili 2011, na hadithi ikahamishiwa Seattle. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 13 na ulitangazwa kwa swali moja kubwa: nani alimuua Rosie Larsen? Sehemu ya 13 ikaisha bila jibu. Jibu likaja mwishoni mwa msimu wa pili.

Steve Neale, mtaalamu wa tanzu za filamu, anatukumbusha kwamba utanzu ni mchanganyiko wa kurudia na kutofautiana, na kwamba mtazamaji anafika akiwa na matarajio tayari. Jason Mittell, katika kitabu chake cha mwaka 2004, anaongeza kwamba utanzu haumo ndani ya tamthilia peke yake. Unajengwa pia na matangazo, ratiba, wahakiki na mazungumzo ya watu. Hapa tangazo ndilo lililoweka ahadi. Urefu wenyewe haukuwa tatizo, kwani Wadenmark walivumilia sehemu 20, tena wakakatizwa katikati: kumi za kwanza zilirushwa mwanzoni mwa 2007, na kumi zilizobaki wakazisubiri hadi msimu wa mapukutiko. Uingereza nako BBC Four ilizirusha mwaka 2011 mbilimbili kila Jumamosi, zikaisha kwa wiki kumi. Mswada ni uleule, mwendo wa fumbo tofauti kabisa.

Kwa kazi yako, kabla ya kuandika sehemu ya pili, andika kwenye karatasi swali ambalo tangazo la kituo litauliza. Ukishindwa kulijibu kufikia mwisho wa msimu, mwombe mtayarishaji abadilishe tangazo, au fungua mapema swali lingine kubwa litakalojibiwa. Hartmann na uchaguzi wake walifanya kazi hiyo huko Denmark: mtazamaji aliyechoka kumngoja muuaji alikuwa na kura za kungojea, na aliyechoka na siasa alikuwa na jikoni ya akina Birk Larsen.

Fahamu pia kwamba nyuzi hizo tatu hazikuja kwa bahati. DR ilikuwa na kanuni ya kutaka kila tamthilia iwe na hadithi mbili kwa pamoja: ya juu inayovuta mtazamaji, na ya chini inayobeba suala la kijamii au la kimaadili. Stuart Hall, mwananadharia wa vyombo vya habari, angeuita huo upande wa usimbaji, yaani jinsi watengenezaji wanavyotia maana ndani ya kipindi, nao ni upande unaosahaulika sana kwenye uchambuzi wa wanafunzi. Tafuta nani analipia tamthilia, inarushwa siku gani na saa ngapi, na mwenye kituo anadai nini.

Je, "jicho la kiume" la Laura Mulvey linafaa kwa polisi mwanamke? (Morogoro)

Linafaa kama swali. Insha yake ya mwaka 1975 ilidai kwamba kamera humtazama mwanamke kwa macho ya mwanamume, na ilihusu sinema za Hollywood zinazotazamwa gizani kwenye kioo kikubwa. John Ellis alieleza mwaka 1982 kwamba mtu wa runinga hutupia jicho huku akifanya mengine, hivyo sauti hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa Lund, pima nani anatazama na nani anatazamwa: katika onyesho moja hesabu mikato ya picha inayoanzia machoni mwake, kisha ile inayomfanya yeye kuwa kitu cha kutazamwa. Sweta lake la sufu, lililovuma kuliko waigizaji wengine wote, linajadilika sana, kwa sababu ni vazi analolirudia siku baada ya siku na kamera haikai kulisifia. Kisha ugeukie mwili wa Nanna, ambaye ni msichana aliyekufa na anatazamwa na kila mtu. Hapo hoja ya Mulvey inarudi kwa nguvu, na inatia uchungu.

Assalaam aleikum wahariri. Nataka kuchunguza wanawake wa mtaani kwangu wanavyozielewa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Nitumie nadharia ya Hall? Niwahoji wangapi? (Mombasa)

Waaleikum salaam. Hall ni mwanzo mzuri. Katika andiko lake la mwaka 1973 alitaja usomaji wa namna tatu: unaokubali, unaojadiliana na unaopinga. Hatari ni kuwabandika watu majina hayo. David Morley alipoyajaribu kwa makundi 29 ya watazamaji Waingereza, katika utafiti alioutoa mwaka 1980, aliona kwamba tabaka peke yake haliamui mtu asome vipi. Ibandike kauli jina la usomaji, usimbandike mtu. Mama akisema, "Yule mkwe ana haki yake, ila mimi nisingemjibu mama mkwe hivyo," hiyo ni kauli moja, nusu inakubali na nusu inajadiliana.

Kwa mbinu, waige Tamar Liebes na Elihu Katz, waliochunguza watazamaji wa Dallas, tamthilia ya Marekani, na kutoa kitabu mwaka 1990. Kwa kila kundi walikusanya jozi tatu za mume na mke waliokuwa marafiki, nyumbani kwa mmoja wao, wakatazama pamoja. Kisha wakawaomba wasimulie upya walichokiona kama vile wanamweleza mtu ambaye hakukiona. Waarabu na Wayahudi wenye asili ya Morocco walisimulia kwa mfuatano wa matukio. Wamarekani na watu wa kibbutz, vijiji vya ushirika vya Israel, walizama kwenye nafsi za wahusika. Wahamiaji kutoka Urusi walitafuta watengenezaji walitaka kusema nini. Tofauti zote hizo zilitokana na swali moja tu la kusimulia.

Kwa utafiti wa mtu mmoja, makundi manne hadi sita ya watu watano hadi sita yanatosha. Wawe wamezoea kutazama pamoja. Chagua sehemu moja ileile kwa makundi yote. Anza na ombi la kusimulia, usiguse maoni kwa dakika 15 za kwanza, maana ukianza na "mnaionaje?" watakupa jibu la adabu. Weka simu mbili za kurekodi, moja karibu na runinga na nyingine mbali nayo, kwa sababu sauti ya tamthilia itafunika maneno, na maneno yanayosemwa wakati tamthilia inaendelea ndiyo bora kuliko yote. Saa moja ya mazungumzo hukugharimu saa nne hadi sita za kuyaandika, na zaidi pale watu wanapozungumza kwa pamoja.

Usimsahau mfasiri. Tamthilia hizo zimesimbwa mara mbili, Istanbul na kisha kwenye studio ya sauti. Mfasiri akiamua mkwe amwite mama mkwe "mama" au "bibi", ameamua kiasi cha heshima kabla mtazamaji wako hajaketi. Tafuta mtu anayejua Kituruki akusaidie kulinganisha dakika kumi tu za maonyesho ya ugomvi wa nyumbani.

Na mtu akikuambia tamthilia ni "ya kweli kabisa" wakati watu wake wanaishi kwenye jumba la kifahari, usimsahihishe. Ien Ang aliweka tangazo kwenye jarida la wanawake huko Uholanzi akapata barua 42 kuhusu Dallas, na katika kitabu chake cha mwaka 1982 akaonyesha kwamba walioandika barua hizo waliuona ukweli kwenye hisia: ugomvi, wivu, kusalitiwa na ndugu. Muulize tu ni onyesho gani alilohisi ni kweli, na nani mwingine chumbani hakukubaliana naye.