Kugeuza plota ya wino wa maji iwe ya eko-solventi: jibu kwa fundi wa Moshi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina fremu ya stika na mihuri karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Kazi nyingi ni stika za bajaji, daladala na magari ya watalii. Kuchapisha napeleka kwa watu, na faida yote inaishia huko. Kuna jamaa anauza Epson Stylus Pro 9880 iliyokuwa studio ya picha, bado inatumia wino wa maji. Rafiki yangu naye ana HP DesignJet 500 imekaa tu. Nimeambiwa mashine hizi zinageuzwa za eko-solventi (wino wa kiyeyushi chepesi badala ya maji) kwa kubadilisha katriji peke yake. Ni kweli? Na nianze na ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na HP kwa sababu jibu lake ni fupi: haigeuziki, iacheni. DesignJet 500 inarusha wino kwa joto. Ndani ya hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, kuna vipashio vidogo sana vinavyopanda hadi nyuzi 300 na zaidi kufumba na kufumbua, maji ya wino yanachemka, kiputo kinasukuma tone nje. Hesabu yote ya hedi ile ni ya maji. Ukiiwekea solventi, kiputo hakitoki inavyotakiwa, gundi ya hedi inalainika, na juu ya hayo unapasha moto kimiminika kinachowaka. Canon za iPF ni vivyo hivyo. Ukisikia HP Latex zinachapa stika za nje kwa hedi za joto, usichanganye mambo: wino wa Latex ni wa maji, una chembe za plastiki zinazoyeyuka na kushika zinapopita kwenye kikaushio. Hiyo DesignJet ya rafiki yako bado inafaa kwa ramani za majengo.

Epson ni habari nyingine. Hedi yake inasukuma wino kwa piezo, yaani kipande cha kauri kinachojikunja umeme ukipita, bila kuchemsha chochote. Ndiyo maana hedi za familia hiyo, DX4 na DX5, zimefungwa pia kwenye mashine za solventi za Roland, Mimaki na Mutoh. 9880 ina DX5, mistari 8 ya nozeli (vitundu vya kutolea wino), kila mstari nozeli 180. Kwa hiyo kugeuza kunawezekana, na mafundi wengi wamegeuza. Ila aliyekwambia ni katriji peke yake amekuficha kazi yenyewe. Kinachogeuzwa ni kila kitu ambacho wino unakigusa, kuanzia katriji hadi chupa ya uchafu, kisha unaongeza kitu ambacho mashine ya maji haikuwa nacho kabisa, nacho ni joto.

Na tunazungumzia eko-solventi tu. Solventi kali, zile zenye sikloheksanoni na harufu ya kupasua kichwa, usizikaribishe kwenye mashine hii hata kwa bei ya bure. Hedi iliyotoka kiwandani kwa ajili ya maji imegundishwa kwa ajili ya maji. Eko-solventi inaivumilia, japo usitegemee idumu kama ya mashine iliyozaliwa ya solventi. Solventi kali inaitafuna.

Kwa nini basi watu wajisumbue? Kwa sababu ya stika yenyewe. Wino wa maji unahitaji stika iliyopakwa utando wa kunyonya wino, ambayo ni ghali, na ikilowa mvua bila kulaminetiwa rangi inachuruzika. Eko-solventi inalainisha uso wa PVC na kuingia ndani yake, hivyo unatumia stika ya kawaida isiyo na utando. Kwa gari linalokwenda Serengeti, likapigwa vumbi na kuoshwa kwa presha kila linaporudi, tofauti hiyo ndiyo biashara yako.

Sasa mipira. Hapa ndipo mashine nyingi zilizogeuzwa zinapofia, na zinakufa taratibu kiasi kwamba mwenyewe analaumu wino. Mirija, dampa (vichujio vidogo vinavyotuliza wino kabla ya hedi), oringi (pete za mpira), kaptopu inayofunika hedi ikilala, waipa inayoipangusa, na mrija ulio ndani ya pampu: vyote vya 9880 ni vya maji. Solventi inavivimbisha. Kaptopu ikivimba hata kidogo haikai sawasawa kwenye hedi, hewa inapita, na dalili yake ni hii: jioni kipimo cha nozeli (chapa ya majaribio) ni kizuri, asubuhi nusu ya magenta haipo. Unasafisha, inarudi, kesho tena hivyo hivyo. Mrija wa pampu ukivimba, pampu haivuti kabisa, na hapo hata usafishaji haufanyi kazi.

Kwa hiyo nunua seti ya vipuri vilivyoandikwa kuwa ni vya eko-solventi, lakini usiamini maandishi. Kata kipande cha mrija, pima urefu na unene wake, kitumbukize pamoja na oringi moja kwenye kichupa cha kioo chenye wino utakaoutumia, funga, weka wiki nzima. Ukikitoa, kipime tena na ukibonyeze kwa kidole. Kikiwa kimerefuka, kimelegea, au wino umebadilika rangi na kunata, rudisha vipuri dukani. Kikitoka kilivyoingia, funga kwa amani. Kipimo hiki hakina gharama na kinaokoa hedi, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote humo ndani.

Jambo la pili la kufa na kupona ni kuosha. Chukua gilasi, weka matone ya wino wa maji uliomo kwenye mashine, ongeza matone ya eko-solventi, koroga kwa kijiti. Utaona mabonge na utelezi kama makamasi. Hicho ndicho kitakachotokea ndani ya hedi wino hizi mbili zikikutana. Kwa hiyo mirija na dampa za zamani usizioshe, zitupe. Kinachooshwa ni hedi tu: kwanza kwa kimiminika cha kusafishia wino wa maji hadi kitoke cheupe, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha pombe ya isopropili ambayo inaelewana na pande zote mbili, mwisho kimiminika cha kusafishia eko-solventi. Tumia sirinji ndogo yenye mpira laini na usukume polepole sana. Ukiona kimekataa, kiache kilowe, usilazimishe. Presha ya mkono inatosha kuipasua hedi kwa ndani, na ikishapasuka rangi zinaanza kuingiliana. Angalia pia tone lisidondokee kwenye soketi ya waya bapa wa hedi, kwa sababu umeme ukiwashwa hapo unaunguza hedi na bodi kwa pamoja. Na ule utepe wa plastiki wenye mistari myembamba unaopita nyuma ya hedi, usiufute kwa solventi kamwe: mistari inafutika na mashine haijui tena hedi iko wapi. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.

9880 ina nafasi 8 za katriji, na mbili kati yake ni za nyeusi hafifu. Seti za kawaida za eko-solventi hazina rangi hizo. Wengi wanaweka rangi sita na kujaza nafasi zilizobaki kwa kimiminika cha kusafishia, ili nozeli zake zisikauke. Ukifanya hivyo, programu ya RIP, inayotafsiri picha kuwa amri za mashine, lazima iambiwe kwamba mistari hiyo haina rangi, la sivyo kila kijivu kitatoka na mashimo. Drava ya Epson ya kawaida hailijui jambo hilo. Katriji nazo ziwe na chipu zinazojirudisha zenyewe kusoma kwamba zimejaa.

Joto. Wino wa eko-solventi unataka stika iwe na joto la nyuzi 35 hadi 45 hivi ili uingie na kukauka, na 9880 haina hita hata moja. Nimeona watu wakibandika hita chini ya meza ya kuchapia. Sikushauri: meza ile ni ya plastiki, inapinda, na joto likiwa chini ya hedi wino unakaukia kwenye nozeli. Weka kikaushio mbele, stika inapotokea, chenye feni na themostati, kwenye soketi yake peke yake. Asubuhi za Juni na Julai huku Arusha stika zinatoka bado zinanata. Moshi kuna joto zaidi, utapata nafuu. Hata zikiwa kavu mkononi, zisubirishe saa 24 kabla ya kulaminetia, maana mvuke wa solventi ukifungiwa ndani unaharibu gundi na stika inajikunja pembeni.

Kuhusu fremu yako: kama haina dirisha la pili, usianze. Eko-solventi haina harufu kali lakini ina mvuke, na wewe ndiye utakayeuvuta kutwa nzima. Weka feni inayotoa hewa nje, vaa glavu za nitraili, na kama jirani ni mama lishe mwenye jiko la mkaa, feni isielekee kwake. Pedi za wino uliotumika uzitoe, uelekeze mrija kwenye dumu lenye mfuniko. Dumu hilo lisimwagwe mtaroni; ni taka hatarishi, na mamlaka ya mazingira ya taifa ndiyo inayosimamia zinakopelekwa.

Kabla ya kulipa, jumlisha bei ya mashine, vipuri, wino, RIP na kikaushio, kisha ongeza hedi moja ya akiba. Ukipata Roland VersaCAMM SP-300 iliyotumika kwa bei inayokaribia jumla hiyo, chukua Roland, hata kama inachapa inchi 30 tu wakati Epson ni 44. Ina hita zake, inakata stika yenyewe, na ilizaliwa kwa wino huu. Epson ina maana kwako ikiwa bei ni ya chini kweli na kazi zako ni stika. Mabango mazito ya turubai itayavuta kwa shida.

Ukienda kuiona, mwambie jamaa asitoe wino wa maji. Iwashe, chapa kipimo cha nozeli mbele yake, subiri nusu saa, chapa tena. Nozeli mbili tatu zilizopotea si kitu. Mstari mzima ukikosekana, au wa pili ukiwa mbaya kuliko wa kwanza, mwachie mashine yake, kwa sababu hedi hiyo haitapona kwa kubadilishiwa wino. Na ukishaigeuza, kurudi kwenye wino wa maji hakupo.