Tepu nyekundu kwanza, amri baadaye

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika, madukani mwetu mwa kutengeneza kompyuta hapa Zanzibar, kuanzia Darajani mpaka Chake Chake, huingia kundi jipya la vijana wa kompyuta, na kila kundi huja na makosa yale yale yaliyovaa shati jipya. Laptopu imejaa stika za pengwini, alama ya Linux, ule mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, na nembo ya Arch, mojawapo ya aina za Linux, inajichora yenyewe kila terminali, dirisha la kuandikia amri, ikifunguliwa. Mpe klipu ya RJ45, ile ya ncha ya kebo ya mtandao, abane kebo, anauliza inaanza rangi gani. Hilo si neno, atafundishwa. Neno ni kujua Linux za aina saba na kutojua diski iliyo mezani ni ya nani.

Basi haya hapa. Yamepewa namba ili mkifokewa mjue mnafokewa kwa namba ipi.

1. Usikimbilie kupiga Windows, yaani kufuta na kuiweka upya. Mteja akisema "mashine nzito" hajakuomba umfutie maisha yake, amekwambia mashine nzito tu. Soma afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo au amri ya smartctl -a, utazame mistari mitatu: 5, 197 na 198. Wa 197 ukizidi sifuri, yaani kuna sekta zimekataa kusomeka na diski bado inasubiri hatima yake, acha mengine yote utoe data. Ukipiga Windows juu ya diski hiyo itakwenda wiki mbili, kisha mteja atarudi nayo pamoja na shemeji yake anayejua kusema.

2. Kunakili diski inayokufa kwenda diski mpya. Hapa tukae kitako, maana ndipo tulipoungua sote. Fundi atakayekwambia hajawahi kugeuza inakotoka ikawa inakokwenda, ama kaanza kazi jana ama anaona haya.

Linavyotokea ni hivi. Imeletwa laptopu ya bibi harusi, picha zote zimo humo, diski ya GB 500 inasoma kwa kusuasua. Imenunuliwa mpya ya GB 500, na kwa kuwa duka ni lile lile, kampuni ni ile ile na lebo rangi ile ile. Unazichomeka zote mbili kwa adapta za USB, unawasha Linux kutoka kwenye flashi, unaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Zinatokea sdb na sdc, zote 465.8G, mapacha watupu. Unajiambia: niliyoanza kuichomeka ni ya mteja, kwa hiyo sdb ni ya mteja. Ni kweli, kwa wakati ule. Kisha umeme unapepesa, mashine inajiwasha upya, na herufi zinagawiwa tena kwa kufuata nani kaonekana mwanzo. Sasa sdb ni ile tupu. Wewe kichwani bado una ramani ya dakika kumi zilizopita, na vidole vinaandika:

dd if=/dev/sdb of=/dev/sdc bs=4M status=progress

if ni inakotoka, of ni inakokwenda. Amri ya dd, inayonakili diski nzima kama ilivyo, haiulizi "una hakika?" Haikuuliza enzi za Unix ya miaka ya 1970 na haitaanza kwa ajili yako, ndiyo maana wakongwe huzifasiri herufi zake kwa mzaha kuwa ni mharibu diski. Inaanza kumimina sifuri za diski mpya juu ya harusi ya watu, kwa adabu kabisa, huku ikikuonyesha kasi.

Na kasi hiyo ndiyo kengele yenyewe, laiti tungeisikia. Diski iliyochoka haisomeki kwa mwendo laini. Inakwenda MB 90 kwa sekunde, inashuka 3, inasimama, inakohoa, inaanza tena. Ukiona 110, 110, 110 bila kusita, usifurahi: unasoma diski mpya. Kijana huiona kasi ile, akashukuru, akatoka kwenda kunywa kahawa.

Ukishtuka, bonyeza Ctrl+C kisha uichomoe. Usibaki unaitazama. Jedwali la sehemu lililo mwanzoni mwa diski limekwenda ndani ya sekunde ya kwanza, hilo lisikutoe machozi. Orodha kuu ya mafaili ya NTFS (mpangilio wa Windows wa kuweka mafaili kwenye diski), ile MFT, kwa kawaida hukaa kama GB 3 kutoka mwanzo wa sehemu yake. Kwa MB 110 kwa sekunde una kiasi cha nusu dakika kabla ya kuifikia. Ukisimama ndani ya nusu dakika hiyo, programu ya TestDisk ina nafasi nzuri ya kuitafuta sehemu iliyopotea na kukuonyesha mafaili na majina yake. Ukichelewa, umebaki na PhotoRec, inayookota picha moja moja kwa kutambua jinsi faili linavyoanza, na kukupa f0012345.jpg na wenzake elfu ishirini, bila jina wala folda. Kaa na bibi harusi mzipange. Aliyekwenda kunywa kahawa hana hata hizo, maana palipoandikwa sifuri pamebaki sifuri.

Aibu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni ile sentensi: "Diski yako ilikuwa imekwisha." Ni uongo mtamu kwa kuwa diski ilikuwa mbovu kweli, na mteja hana la kukushika nalo. Umesemwa kwenye meza zetu mara nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Usiuseme. Mpigie siku hiyo hiyo, mwambie umekosea wewe, usimdai kitu, na umwambie kilichosalia ni nini. Atakasirika. Ana haki.

Dawa yake ni ya shilingi chache. Diski ya mteja, kabla haijagusa waya wowote, inapata tepu nyekundu, na juu ya tepu unaandika herufi nne za mwisho za namba yake ya utambulisho (serial) iliyo kwenye lebo. Unachomeka, unaandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, unalinganisha na tepu kwa kidole, si kwa kumbukumbu. Adapta nyingine za bei rahisi hutoa namba yao wenyewe badala ya ya diski. Ikiwa hivyo chomeka diski moja, tazama, kisha ya pili. Diski ya mteja ifungie kuandikwa: blockdev --setro /dev/sdb, ukikumbuka kwamba ukiichomoa na kuirudisha kufuli hilo limefunguka. Na dd kwa diski mgonjwa iacheni. Tumieni ddrescue, iliyotengenezwa kwa diski mbovu, kwa majina ya /dev/disk/by-id yasiyobadilika. Kwanza na -f -n ili ichukue yaliyo mepesi, kisha na -f -d -r3 kwa palipogoma. Faili la ramani, ambamo ddrescue huandika ilikofika, liwekwe kwenye flashi nyingine. Mkiliacha ndani ya ile Linux ya flashi, umeme ukikatika limekwenda na maji, na likiwa salama kazi inaendelea pale pale ilipoishia.

Diski ikigonga kama mtu anayebisha hodi, zima, hiyo si ya kwetu tena. Na wa kuitia frijini kama alivyoona mtandaoni, ajue kwamba kwa unyevu wa hewa yetu ukiitoa inaloa kama chupa ya soda.

3. GB 69 zilizoibiwa. "Ami, nimelipia terabaiti moja, mbona mmenipa 931?" Msicheke, mteja ana hesabu yake. Kiwandani terabaiti ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawa kwa 1024 mara tatu, inapata 931, halafu inaandika GB kana kwamba hakuna kilichotokea. Fanyeni hesabu hiyo mbele yake kwa kikokotoo cha simu yake mwenyewe, si ya kwenu. Kuna wizi wa kweli, nao ni flashi za "2TB" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna GB chache, na kidude cha kuiongoza kimefundishwa kusema uongo. Inakubali kila unachoandika, majina ya mafaili yanaonekana, na ukifungua video ya mwezi uliopita hakuna kitu. Programu za H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux, zinaijaza yote kisha zinaisoma upya. Inachukua saa. Iache ichukue saa.

4. Kuzima si kuzima. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down mfumo hulala nusu ili uwake haraka kesho, na ule ugonjwa mnaotaka uondoke unalala nao pamoja. Restart ndiyo inayosafisha. Mkitaka kuzima kwa haki, shikilieni Shift mnapobonyeza Shut down. Hii pia ndiyo sababu diski ya NTFS mkiihamishia Linux inakataa kuandikwa, na nyinyi mnaanza kulaumu Linux. Na kwenye laptopu mpya msiguse BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) wala TPM (chipu ya kutunza funguo) kabla hamjauliza kuhusu BitLocker, kufuli la Windows la diski. Ikiamua kuwashuku itadai ufunguo wa tarakimu 48, na mteja atawatazama kana kwamba mmemuuliza siku aliyozaliwa babu yake.

5. Chumvi. Mashine za ufukweni, Nungwi na Paje, zina maradhi ya chumvi ambayo video za Marekani haziyajui. Laptopu haiwaki, inapiga bipu, kijana tayari amesema "bodi imekufa". Toa ramu. Meno yake ya dhahabu yamefanya ukungu. Sugua kwa kifutio cha penseli bila kukandamiza, pangusa kwa isopropili ya asilimia 99, irudishe. Ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 iacheni ifanye kazi yake kwenye vidonda; thelathini iliyobaki ni maji. Feni mnapoipuliza vumbi ishikeni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo inajifanya jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Saa ikiwa imerudi miaka nyuma na kila tovuti inasema si salama, msipige chochote: badilisheni betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye bodi, rekebisheni tarehe, mtozeni bei ya betri.

6. Mji Mkongwe hauna habari na waifai yenu. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine nene karibu nusu mita, na masafa ya waifai ya 5 GHz yanafia kwenye ukuta wa kwanza. Ya 2.4 yanafika wa pili yamechoka. Kununua ruta yenye antena nane kama kaa si jibu. Jibu ni kebo mpaka kila ghorofa na kituo kidogo kila upande, na msitoboe tundu kabla mwenye nyumba hajauliza kwa wahifadhi wa Mji Mkongwe, maana mahali pale ni Urithi wa Dunia tangu 2000, si banda la kuku. Rangi za nyaya kwenye klipu ya RJ45, kwa mara ya mwisho: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ncha zote mbili sawa. Msifungue msokoto zaidi ya milimita 13, msivuke mita 100. Na kebo ya bei ya ajabu ikwarueni kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudisheni dukani.

7. Umeme. Nyinyi hamkumbuki Mei na Juni 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi bila umeme wa kutoka bara, wala miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, mji mzima ukinguruma majenereta. Zile pawasaplai zilizokuwa zikija na harufu ya kuungua zilitufundisha mawili. Umeme ukirudi, subirini dakika tano ndipo mchomeke. Na printa ya leza haikai kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, kile kipasha moto chake kinavuta kwa mikupuo. Betri ya volti 12 ya UPS hupewa miaka mitatu hadi mitano, lakini kwa joto la chumba kisicho na feni msiihesabie hata hiyo.

8. Ubishi. Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, watu hubishana siasa na mpira mpaka kahawa inaisha, na hakuna anayeondoka amebadili timu. Vim na Emacs, programu mbili za kuandikia, ni hivyo hivyo. Bisheni, ni raha, hata sisi tunabisha: Emacs ni nyumba nzuri, haina mlango wa jikoni. Lakini anayetetea Vim sharti ajue kutoka ndani yake (Esc, kisha :q! na Enter), na kuna mashujaa tumewakuta wakitoka kwa kuchomoa waya wa ukutani. Anayeweka Linux kwenye kompyuta ya karani bila kuombwa, kwa kuwa "ni bora", ataitwa siku ya kuchapisha mishahara. Atakwenda kwa miguu yake.

9. Skrubu. Laptopu moja ina skrubu za urefu wa aina tatu au nne, na ile ndefu ikitiwa pasipo pake inatokea upande wa pili, chini ya kiganja cha mteja. Chora umbo la laptopu kwenye kipande cha boksi, kila skrubu ichomeke pale ilipotoka. Zikibaki mbili mwishoni usiseme zilikuwa za ziada. Na chaja ibandike namba ile ile ya laptopu siku inapoingia, kwa sababu za volti 19 na 19.5 zinafanana kwa macho, na mwenye nayo, hata akisahau nywila yake, jina la faili na mwaka alionunua mashine, atakumbuka kwamba waya wa chaja yake ulikuwa mrefu zaidi.